UZI: Nilimvalisha msusi wangu glavu miezi mitatu, na hadi leo hii kitu hainitoki

MamaSaluni_Umo ameandika:

Wadau hamjambo. Hii kitu imenikalia kifuani tangu mwaka jana na leo stima zimepotea nikafunga mapema, nikasema wacha niandike yote kama ilivyokuwa, mwenye atachoka njiani apumzike arudi.

Niko na saluni ndogo huku Umoja, viti vinne, sinki mbili, huu ni mwaka wa tisa. Yani mimi nakula kwa urembo, nalipa fii ya watoto kwa urembo, kwa hivyo msidhani nimekuja hapa kuwaambia urembo ni upuzi. Sio upuzi. Mwanamke akiamka kwa kiti changu shingo imesimama mimi hujua nimefanya kazi ya maana. Lakini nimekuja kugundua jicho langu, hilo ambalo linanilisha, lilikuwa limeanza kunifanya mtu mbaya na sikuwa najua.

Mwezi wa kumi na mbili kwangu huwa hakuna pa kukanyaga, watu wanaenda ushago na hakuna mtu anataka kushuka stej ya kwao na kichwa cha mwezi wa tisa. Nikatafuta msusi wa kuongeza. Rafiki yangu mwenye husuka pale Kenyatta Market akaniambia kuna msichana amejifunzia hapo, mkono mwepesi, hana kiti chake, nimchukue kabla mtu mwingine hajamchukua. Tukaongea kwa simu tukaelewana vizuri tu, komisheni 40 kwa mia, chai ya saa nne juu yangu, aje Jumatatu asubuhi.

Akaja. Akanyoosha mkono kunisalimia nikaona.

Kwa wenye hawajui, vitiligo ni ile hali ngozi inapoteza rangi kwa mabaka, kinga ya mwili yenyewe inageuka inashambulia zile chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Sio uchafu, haiambukizi, hata mkilala kitanda kimoja miaka yote haiambukizi. Wengine huita mbalanga. Yeye ilikuwa imeshika vidole vyote mpaka karibu na kiwiko, na kidogo kando ya mdomo, na kwa jicho la kushoto. Mikono yake ni kama ya mtu ametoka tu kukanda unga.

Na mimi mtu mzima, mwenye nimeshika vichwa vya kila aina, vya mba, vya choa, vya watoto wa shule wenye chawa, mguu wangu ukarudi nyuma hatua moja. Sikuupangia, ulirudi wenyewe. Na aliuona, kwa sababu hakuniangalia usoni, aliangalia mguu, halafu akaurudisha mkono taratibu akaushika na ule mwingine. Hapo ndio nilijua huyu ameona miguu mingi ikirudi nyuma.

Nikampa kichwa cha jirani yangu anionyeshe kazi. Wadau, mistari ilinyooka kama imepigwa na rula. Na hakuwa anavuta! Wasusi wengi wa siku hizi wanakaza mpaka nyusi zinapanda juu, kastoma analala na Panadol, lakini huyu alikuwa anashika nywele kama anashika mtoto. Jirani alisinzia kwa kiti.

Kwa hivyo nikamchukua. Ila nikamwambia, kwa ile sauti tamu ya kuongea na kastoma, "sasa mami, utakuwa unavaa glavu, ni mambo ya usafi tu." Kulikuwa na wasusi wengine watatu hapo ndani na wote walikuwa mikono mitupu. Akawaangalia mmoja mmoja, kisha akasema, "Sawa mama."

Sijui kama mmewahi kuona mtu akisuka na glavu zile za kemisti. Mkono unatoa jasho unavimba ndani kama umeloweshwa. Ukipaka jeli zinateleza, kale kanywele kadogo ka mwanzo kanakutoroka unarudia mara tatu. Ncha za vidole zinatoboka kwa sababu braidi ni uzi wa plastiki na unakata, kwa hivyo kichwa kimoja cha knotless, zile braidi zisizo na fundo mwanzoni, cha saa sita anamaliza jozi nne ama tano. Nilikuwa naona hayo yote. Nilikuwa naona akivua saa nane akiketi kula, zile ngozi za vidole zimejikunja, na bado sikusema kitu. Kastoma mmoja akaniuliza akiwa anasikia, "huyu ni krimu za kujichubua zimemchoma hivi?" nami nikanyamaza. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Mnakumbuka vile Michael Jackson alichekwa dunia nzima ati anajichubua, 1993 akasema wazi kwa TV kwa Oprah kwamba ni ugonjwa wa ngozi, watu wakaendelea kucheka tu mpaka alipokufa 2009 na ripoti ya uchunguzi wa maiti ikasema ni kweli alikuwa na vitiligo. Mimi nilikuwa mmoja wa wenye walicheka, na sasa nilikuwa naye mwenye hali hiyo kwa saluni yangu nikimwacha achekwe.

Sasa nifike kwa ile siku.

Kitu hakuna mtu alikuwa anajua ni kwamba mimi mwenyewe sina nywele hapa mbele. Nilianza kusukwa nikiwa mdogo sana, za kukazwa, halafu weave juu ya weave miaka na miaka, laini ya mbele ikarudi nyuma mpaka ikafika masikioni. Ukishtuka mapema ukapumzisha kichwa zinaweza kurudi, ukichelewa mashina yanakufa kabisa na hapo panakuwa laini kama shavu. Mimi nilichelewa. Miaka sita nimekuja kazini na wigi, nafungua wa kwanza nafunga wa mwisho, hata bwanangu nilikuwa nalala naye na kitambaa kichwani. Mtu wa nywele bila nywele, ningemwambia nani?

Ilikuwa mwezi wa pili, jioni, wengine wameenda, yeye amebaki anafagia. Gundi ya wigi ilikuwa imenichoma kama wiki hivi na siku hiyo kulikuwa kunauma mpaka kwa jicho. Nikadhani haoni, nikainua wigi kidogo nipepee. Akaniona kwa kioo. Hakushtuka. Akaegesha ufagio akasema, "Mama, toa nikuangalie."

Sijui kwa nini nilitoa. Labda uchungu tu. Akanikalisha, akawasha ile taa ya pembeni, akaenda sinki akanawa mikono. Alafu akachukua boksi ya glavu akavaa. Hakuwa ananiambia kitu, alikuwa amezoea, nilikuwa nimemzoesha.

Aliponigusa kichwa na zile glavu, wadau, nilihisi aibu sijawahi kuhisi. Ile mpira baridi kwa ngozi yangu. Nilihisi ni kama mimi ndio mchafu, kama mtu ameona kitu kwangu ambacho hakifai kuguswa. Nikajua hicho ndicho nilikuwa nampa kila siku kuanzia saa mbili asubuhi, mbele ya watu.

Nikamwambia atoe. Akasimama na mikono hewani, akaniuliza polepole, "Uko na uhakika mama? Usije kesho ukasema nimekuambukiza."

Hiyo sentensi bado naisikia. Nililia hapo kwa kiti namba mbili mpaka nikamlowesha kanzu. Yeye hakulia. Alinipaka dawa tu, na mikono yake, kidogo kidogo, akipuliza mahali pamechunika.

---

Kevo_wa_Buru ameandika:

Mathe pole kwa yote. Swali moja tu, hizo glavu nani alikuwa ananunua?

---

MamaSaluni_Umo ameandika:

Yeye.

Nilijua mtu ataniuliza. Ilitoka kwa komisheni yake. Nilipiga hesabu baadaye za hiyo miezi mitatu nikamtumia kwa M-Pesa, akanipigia akaniuliza ni za nini, nilipomwambia akakaa kimya kwa simu mpaka nikadhani imekatika.

---

Hustler_Mkweli ameandika:

Sawa, story inagusa, lakini tuambiane ukweli. Biashara ni biashara. Kastoma analipa pesa yake akae mahali roho yake iko sawa, akikimbia utalipa renti na huruma? Mimi niko na kinyozi huku Kayole, najua. Watu wanaangalia.

---

MamaSaluni_Umo ameandika:

Ndugu yangu nimekuelewa kabisa kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa najiambia. Lakini ngoja nikuambie kilichotokea nilipotoa glavu. Nilijitayarisha kupoteza kastoma wengi. Walioondoka ni wawili. Mmoja alirudi baada ya Pasaka kwa sababu mahali alienda walimkaza mpaka akatoka vipele. Wengine waliuliza, tukawaeleza, wakakaa. Wengi hata hawakuuliza!

Sikuwa nimewahi kumuuliza kastoma hata mmoja. Niliogopa kwa niaba yao. Nilichukua woga wangu nikauita woga wa kastoma, kwa sababu woga wa kastoma unaonekana ni akili ya biashara na wangu ungeonekana vile ulikuwa.

---

Wakili_wa_Mtaa ameandika:

Niongeze kwa Hustler: Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi na imetaja hali ya afya, ulemavu, rangi, mpaka mavazi. Sio huruma peke yake, ni haki ya mtu. Nimemaliza.

---

Karanja_wa_Saikolojia ameandika:

Mama hiyo ya mguu kurudi wenyewe imenishika sana kwa sababu ndiyo kitu tumesoma semista hii. Kuna watafiti wawili, Janine Willis na Alexander Todorov, 2006 walionyesha watu picha za nyuso kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, yani hata hujapepesa jicho, na tayari watu walikuwa wameamua huyu ni wa kuaminika, huyu si wa kuaminika. Walipopewa muda zaidi hawakubadilisha sana maoni, walizidi tu kuwa na uhakika. Hiyo ndiyo inanitisha, kwamba ule muda wa ziada tunautumia kujikubalia.

Na si mambo mapya. 1920 Edward Thorndike aliangalia vile maofisa wa jeshi la Marekani walikuwa wanawapa askari wao alama, akaona mwenye amepewa alama nzuri ya umbo anapewa pia nzuri ya akili na ya uongozi na ya tabia, kana kwamba kitu kimoja kizuri kimemwagikia vingine vyote. Alafu 1972 wanawake watatu, Dion, Berscheid na Walster, wakawapa wanafunzi wa chuo kikuu cha Minnesota picha za watu wasiowajua. Wale wenye sura nzuri wakaambiwa wana tabia nzuri, watapata kazi nzuri, ndoa zao zitakuwa na raha. Kwa picha tu! Kitu kimoja ndicho hawakupewa, hawakudhaniwa kuwa wazazi bora kuliko wengine.

Kwa hivyo mguu kurudi sidhani unaweza kuuzuia. Swali ni unafanya nini baada ya mguu kurudi.

---

MamaSaluni_Umo ameandika:

Asante sana kijana. Eeh. Mguu ulirudi kwa sekunde moja. Glavu ni miezi mitatu. Sekunde naweza kujisamehe.

---

Otis_Dandora ameandika:

Mdogo wangu ni albino. Nimesoma hii nikiwa kwa matatu na nikakumbuka vile huwa, akikaa kiti cha dirisha kile cha kando yake ndicho cha mwisho kujaa, ata kama watu wamesimama. Makanga anapokea fea kwa ncha za vidole. Yeye anajifanya anaangalia nje na macho yake hayaoni mbali, hakuna kitu anaona huko nje, mimi najua.

2016 nilimpeleka town siku ile walifanya mashindano ya Mr na Miss Albinism hapa Nairobi, ya kwanza ya aina hiyo. Alikuwa darasa la sita. Tulipotoka hakusema kitu mpaka tukafika Muthurwa, alafu akaniuliza kama anaweza kununuliwa kofia ya rangi ingine, si lazima nyeusi. Alikuwa amevaa nyeusi miaka yote ati isionekane. Siku hizi anasoma sheria na ukutani amebandika picha ya Jaji Mumbi Ngugi, mwenye pia ni albino. Lakini hicho kiti cha matatu bado kinajaa cha mwisho.

---

Sina_Jina_Upperhill ameandika:

Naomba niseme kitu na msinirukie. Mimi ni ule upande mwingine, naambiwa ni mrembo tangu darasa la nne. Najua milango imenifungukia, siwezi kukataa, nimewahi kuachiwa foleni, nimewahi kupewa kazi kabla sijamaliza kujieleza. Lakini nilipopita mitihani ya uhasibu kwa mara ya kwanza, wenzangu ofisini waliniuliza nani alinisaidia. Walikuwa wanauliza kwa utani lakini hawakuwa wanatania. Na kila mtu ana ile methali tayari, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kile kijisanduku chenye nakshi nje, na ndani hamna kitu. Nimeambiwa hiyo na mwalimu, na mama mkwe, na pasta. Hakuna hata mmoja alikuwa amefungua akaangalia ndani.

Sisemi ni sawa na ya huyo dada wa glavu, si sawa hata kidogo. Nasema tu jicho ni lile lile.

---

MamaSaluni_Umo ameandika:

Dada hakuna mtu atakurukia hapa, umesema vizuri.

Na umenifungulia kitu nilikuwa nataka kusema na sikujua nitaanzia wapi. Tangu nianze kusimulia watu hii hadithi wote wananijibu jambo moja: "unaona, uzuri ni wa ndani, huyo msichana ana roho nzuri." Kanisani waliniambia hivyo, chamani waliniambia hivyo. Na mimi huwa nasikia vibaya, kwa sababu ni nani amewaambia ana roho nzuri?

Wacha niwaambie ukweli, huyu msichana ni mkali. Anachelewa. Akinuna ananuna siku mbili na hataki chai yako. Aliwahi kugombana na kastoma juu ya rangi ya braidi mpaka nikatoka nje kwenda kununua hewa. Anakopa na kurudisha ni hadithi. Ni msusi hodari na ni mtu kama mimi na wewe, na hakuwa anafaa kuvalishwa glavu hata angekuwa na roho mbaya kushinda wote mtaani.

Mnaelewa ninachosema? Mtu mwenye sura ya kawaida anaruhusiwa kuwa na siku mbaya. Huyu mwenye mabaka, huyu mwenye kovu la moto, huyu mfupi, huyu mnene, tunamwambia tutakusamehe sura yako lakini lazima utulipe na upole. Akitabasamu tunasema "jameni ana roho nzuri," akikasirika siku moja tu tunasema "si ndio maana." Hiyo bado ni kumhukumu kwa sura, tumebadilisha tu malipo. Mimi sitaki kumpenda kwa sababu nimegundua ndani ni dhahabu. Alikuja kusuka, akasuka vizuri, basi.

---

Shosh_Digital ameandika:

Mwanangu nimekaa na simu hii nikisoma mpaka chai imepoa. Nina miaka 67. Upande wangu mmoja wa uso una kovu la jiko la mafuta ya taa, lililipuka nikiwa msichana, mafuta yalikuwa yamechanganywa na petroli. Ni miaka mingi na bado nikienda mahali pageni najipanga nikae upande ule mwingine ndio uonekane. Sikuwa nimewahi kuandika hivyo mahali popote.

Je, wigi uliacha?

---

MamaSaluni_Umo ameandika:

Shosh asante, nimesoma yako mara tatu. Hayo ya kuchagua upande wa kukaa nayajua. Mimi huchagua kiti chenye feni hainipigi kwa mbele.

Wigi sijaacha. Sitakudanganya. Siku hizi navua tukishafunga, nikiwa na wasusi wangu wote wanne, na hakuna mwenye anaangalia mara mbili. Gundi niliacha kabisa, nashikilia na bendi ya ndani. Bwanangu alijua mwezi wa tano, nilimwonyesha nikitetemeka, akasema alikuwa anajua miaka minne na alikuwa anangoja nimwambie. Lakini kutoka nje hivyo, hapana, bado.

---

Kevo_wa_Buru ameandika:

Na huyo dada bado yuko kwako ama alienda?

---

MamaSaluni_Umo ameandika:

Yuko. Kile kiti namba mbili sasa ni chake, analipa kodi ya kiti kama wale wengine na pesa ya kichwa ni yake yote. Jumamosi ana bibi harusi wa saa kumi na moja asubuhi na wasimamizi watano, amenituma Dubois leo, kule town kwa maduka ya nywele, nimchukulie braidi pakiti 20 za rangi namba moja, nimesimama kwa foleni nimechoka na nikifika ananiambia nimeleta ndefu, alitaka fupi. Kesho narudisha.

Stima zimerudi. Usiku mwema wadau.